Miwani ya Kulwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona mchana, saa tisa, jua linawaka, na sikuwa nimeonja hata bia moja. Mimi ni fundi wa mafriji hapa Nyegezi. Si mtu wa kuona vitu.

Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu na binti yetu Doto, wa miaka tisa. Tulipanda boti mpaka kisiwa kimoja cha hifadhi, ambako upande wa mawe maji ni maangavu na unaweza kuwatazama furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi. Unavaa miwani ya majini na bomba la kupumulia, unalala kifudifudi juu ya maji, unawaangalia mpaka uchoke.

Sasa, Doto ni pacha. Kulwa, aliyemtangulia kuzaliwa, aliishi siku tano tu. Mapacha kwetu hawapewi kitu kimoja, na mama yangu hakukubali kifo kibadilishe hilo. Akimnunulia Doto gauni, ananunua mawili. La pili linakunjwa kabatini. Mtoto kakua hivyo, haoni ajabu. Kwa hiyo kijana wa hifadhi alipompa miwani, akapokea kwa mikono miwili na kuuliza, "Na ya Kulwa?"

Yule kijana akaangaza nyuma yetu kumtafuta huyo Kulwa. Niseme ukweli, niliona aibu. Nikacheka, nikamwambia, "Hiyo moja inatosha. Kulwa hayupo." Mke wangu alinitazama, akaenda kufungua hotpoti la chakula.

Doto akaingia majini na jaketi lake la kuelea, ndani ya kamba ya maboya. Nikakaa juu ya jiwe, macho kwake. Mara nikaona vichwa viwili. Nikasema moyoni, kapata rafiki. Lakini rafiki gani, na boti ilitushusha sisi peke yetu? Tena huyo wa pili kasukwa twende kilioni, mistari ileile aliyoisuka mke wangu jana yake.

Nikamwona mwanangu anavua miwani, anamvisha mwenzake. Kisha wakapita chini ya kamba, taratibu, wakaelekea kwenye kina. Yule wa mbele hakuwa na jaketi. Kijana wa hifadhi akapuliza filimbi. "Nyie watoto wawili, rudini!" Umesikia? Wawili. Hayakuwa macho yangu tu.

Nikajitosa. Kuogelea kwangu kwenyewe ni kwa kujikongoja. Nikaita Doto, Doto, hageuki. Niamini, pale nilijua nampoteza. Ndipo likanitoka jina ambalo sikuwahi kulitamka kumwita mwenyewe tangu tulipomzika: "Kulwa! Kulwa mwanangu, mrudishe mdogo wako!"

Wa mbele akatulia. Akageuka. Uso sikuuona vizuri, miwani iliuficha, na hilo linaniuma mpaka leo. Akamshika Doto mkono, akamleta hadi kwenye kamba, akaniachia, kama dada mkubwa anavyomfikisha mdogo wake nyumbani kutoka shule. Nikamkumbatia wangu. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu.

Kijana wa hifadhi alikuwa ameshashika simu aite wazamiaji. "Mzee, yule mwingine yuko wapi?" Nikamwambia aangalie orodha ya abiria wa boti. Akaisoma mara mbili, akakaa chini kwenye mchanga. Miwani tuliitafuta mpaka jioni, hatukuipata.

Doto hakulia wala kutetemeka. Tukiwa kwenye boti akaniegemea, akasema, "Baba, Kulwa anauliza, mbona wewe huwa humwiti?"

Nililia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Siku hizi kila asubuhi nasimama ukumbini nawaita wote wawili waamke. Doto anaitika. Zipo asubuhi naitikiwa mara mbili, na mke wangu, badala ya kuogopa, anaongeza kikombe mezani.

Na wewe uliyezika mtoto ukazika na jina lake, nakuonya kama ndugu. Lile jina ni lake, na bado analisubiri kinywani mwako. Mwite leo, ukiwa nchi kavu.