Kaburi refu chini ya mwarobaini

Makaburi ya Kinondoni siku hizi kijiwe. Wanafunzi wanasomea humo, wapenzi wananong'onezana humo, mtu kakalia zege la marehemu wa watu anamenya chungwa. Mwamvita alikuwa akiwaona anawafurusha: "Ondoa makalio! Hapo kwenu?"

Miaka kumi na miwili, kila Alhamisi alasiri, anakuja na dumu la maji. Mwanawe Zubeda alikufa na miaka sita. Wanawake hawaendagi kuzika, basi Mwamvita alibaki ndani na kina mama wenzie. Arobaini ilipopita, mumewe Shomari ndiye aliyemleta kumwonyesha.

"Hili hapa, chini ya mwarobaini."

"Mbona refu hivi?"

"Udongo unatanuka, mke wangu."

Akaamini. Akapanda mrehani.

Alhamisi hii kamkuta binti mmoja anayekaa Boko, Hamisa, kaja na fundi na mfuko wa saruji.

"Shikamoo bibi. Kumbe wewe ndo unamtunzia baba? Mungu akulipe."

"Baba gani? Huyu mwanangu."

Binti akatoa simu, akamwonyesha picha ya mazishi: mwarobaini uleule, bado mwembamba, wanaume wamelizunguka kaburi lilelile refu.

Mwamvita hakulia. Akampigia Shomari, waliyeachana naye zamani. Akaja na kofia yake ya kiswalihina, ya mcha Mungu.

"Zubeda yuko wapi?"

Mwanaume akatazama huku, akatazama kule. Ndo akayatapika: siku ile alikuwa Bunju kwa mwanamke. Kufika, wazikaji wameshatawanyika. Akaona haya, baba mzima aulize kaburi la mwanawe. Akachagua lenye udongo mbichi.

"Nisamehe, mama Zubeda."

"Nikusamehe? Mie nimemfagilia baba wa watu miaka yote hii, mwanangu hajapata tone! Na kaka yangu aliyemshusha kaburini naye kashakufa. Nimuulize nani, mwarobaini?"

Akamgeukia Hamisa. "Mrehani usiung'oe, mwanangu. Baba yako hana kosa."

Kisha akamtupia Shomari dumu.

"Vikaburi vifupi unaviona? Mwagilia vyote. Kimoja usiruke. Na Alhamisi ijayo nikukute hapa."

"Vyote? Mgongo wangu huu…"

"Bunju ulifikaje?"

Shomari akainama. Mwamvita, aliyefukuza watu miaka yote, akakaa juu ya zege la mtu asiyemjua, akawa anamhesabia mwanaume yule kaburi moja moja.