Miwani Huachwa Mlangoni

Kule Tuwan, mjini Kitale, nyuma ya duka la unga, kuna chumba ambacho wanaume hukijua kwa pazia lake tu. Ni pazia zito la kijani. Ukilipita unakuta la pili, na ukilipita la pili unakuta kioo kimekupa mgongo, ili hata upepo ukiinua mapazia yote mawili, mpita njia asione kichwa cha mtu.

Mwenye chumba ni Sharifo, mzaliwa wa Bungoma, aliyekuja Kitale kwa ndoa na kubaki kwa kazi. Anasuka, anaosha nywele, anapaka hina. Wateja wake wengi ni wanawake wanaovaa hijabu, na hapo ndani ndipo huivua bila wasiwasi. Huja pia Everlyne, muuza mboga na mwimbaji wa kwaya kanisani, ambaye ugonjwa ulimla nywele zikabaki viraka viraka. Hupakwa mafuta, hupiga soga, kisha hufunga kitambaa na kurudi sokoni. "Hapa kwako," husema, "ndiyo kichwa yangu hupumua."

Simu huachwa katika kikapu kilichoning'inizwa mlangoni. Lakini miwani? Nani humwambia mtu aache macho yake nje?

Jumamosi moja aliingia Phelista, binti wa Nelima, mwanamke aliyekua jirani na Sharifo kule Bungoma. Alikuwa amekuja kumwamkia shangazi yake wa hiari. Aliweka simu kikapuni kwa adabu, akaingia na miwani mipya yenye fremu nene, zawadi ya kaka yake aliye ng'ambo.

Kitini alikuwa Fardosa, bibi harusi wa kesho yake. Nywele zilikuwa zimemshuka hadi kiunoni, na mikono yake ilijaa hina mbichi, ameinyoosha mbele kama mtu anayeota moto.

Phelista alimtazama, akanyamaza kidogo kama anayesikiliza, kisha akatabasamu. "Wewe ni Fardosa, si ndiyo? Ulimaliza chuo cha ualimu juzi juzi. Hongera ya harusi."

Fardosa akamgeukia Sharifo. "Anti, umemwambia jina yangu?"

"Sijamwambia kitu."

"Ni hii miwani," Phelista akasema, bado anatabasamu. "Inaangalia sura ya mtu, inamtafuta kwa mtandao, inaniambia kwa sikio. Na nikigusa hapa, inapiga picha. Nimekupiga moja nikiingia. Umetokea mrembo."

Everlyne, aliyekuwa kichwa wazi pembeni, alivuta kitambaa chake hadi kwenye nyusi. Fardosa akainua mikono ajifunike, hina ikampaka shavu. Mikono ile haikuweza kushika kitu. Sharifo akafungua leso yake kiunoni, akamfunika.

"Hata Abdishakur, bwana harusi mwenyewe, hajaona hii nywele," bibi harusi akasema chini ya leso. "Miwani ndiyo imeona kwanza. Mimi naenda nyumbani, Anti. Hina iache hivyo hivyo."

Sharifo alijua kwamba akitoka hivyo hatarudi. Stara ya msichana huyu alikabidhiwa yeye, na mapazia mawili yalikuwa yameshindwa kuilinda.

Hakupaza sauti. Alimwendea Phelista, akamvua miwani taratibu, kama mama amvuavyo kofia mtoto aliyelala.

"Ukipita ukute mama yako anaoga, utasimama uangalie?"

"Aki hapana, Anti. Sikuwa na nia mbaya."

"Najua. Ndiyo maana sikufukuzi. Toa simu, ufute."

Phelista aliisogeza simu hadi puani, maana bila miwani haoni mbali. Alifuta picha simuni, ambako miwani huituma, kisha kwenye akaunti inakojihifadhi yenyewe. Everlyne alisimama begani pake.

"Na kwa takataka yake pia. Hizi simu hazitupi kitu, zinaficha tu."

"Nimefuta, Mama."

"Hebu nione. Eeh, imeenda."

"Na ile picha yako ya chuo, iliyo kwa mtandao?" Phelista akamuuliza Fardosa. "Hiyo siwezi kuitoa."

"Hiyo niliiweka mwenyewe, nikiwa nimejifunika. Iache. Hii ndiyo hukuniuliza."

"Pole, dada."

Sharifo akaitia miwani kikapuni. Phelista aligeuka aondoke, akapapasa ukuta, akagonga beseni kwa mguu.

"Unaenda wapi?" Fardosa akauliza.

"Nje. Lakini mlango siuoni."

"Kwani bila hiyo miwani unaona nini?"

"Ukungu. Na kitu nyeusi hapo kwa kiti, nafikiri ni wewe."

Everlyne ndiye aliyeanza kucheka. Fardosa naye akacheka, leso ikamteleza kichwani, na hakuomba irudishwe. "Basi kaa," akasema. "Mtu wa kuona hivyo anafaa hata kwa harusi."

Sharifo akamfuta shavu kwa limau. Kikabaki kialama cha rangi ya chungwa. Fardosa akakitazama kiooni, akageuza uso huku na huku, akasema kinampendeza.

Siku hizi kikapu cha mlangoni hubeba miwani pia, na asiyeona vizuri huongozwa kwa mkono hadi kitini. Phelista bado huja kutoka Bungoma, akiwa na miwani yake ya zamani, isiyopiga picha, iliyofungwa uzi upande mmoja. Sharifo huipapasa fremu kwanza, polepole, kama anayenunua parachichi, kisha humvisha mwenyewe.

"Hii ni macho tu," humwambia. "Ingia nayo."