Spika Niliyoitoboa kwa Ubani

Mwaka ule kitunguu kilipotea madukani. Tukala mchuzi wa nyanya tupu, na papa mkavu wa Sur tukampika kwa nazi na ndimu. Mtu akitoka harusini husema, "Biriani yao ilipauka kama mgonjwa." Ndio mwaka wajukuu zangu waliporikodi albamu yao ya kwanza, hapa hapa Ibra, mwendo wa saa mbili kutoka Maskati, katika chumba changu cha uani.

Ni watatu, tumbo moja. Msichana ndiye mkubwa, anapiga gitaa la umeme na kuimba. Ndugu zake wawili, mmoja ngoma, mmoja gitaa la besi. Muziki wenyewe wanauita bluzi-roki. Mtu anaimba dhiki zake, gitaa linamjibu, kama wanawake wawili wanaopeana pole. Siku ya kwanza kumsikia nilimuuliza, "Nani kakuudhi?"

"Hapana mtu, bibi. Ndivyo unavyoimbwa."

"Basi umenidanganya vizuri."

Baba yao, mwanangu, ana kazi serikalini Izki, na maneno yake machache kama meno yangu. Alimwambia binti yake mbele yangu: "Nakupa mpaka Ramadhani. Mwezi ukiandama hamjamaliza, khalas, gitaa kabatini na wewe kazini benki. Nafasi ipo." Msichana akaitikia, "Inshallah, baba." Roho yake yote ilikuwa katika albamu ile.

Zikabaki siku kumi. Nyimbo nyingi zilikwisha, ila kila akizisikiliza anakunja uso. Anasema sauti ya gitaa safi mno, haina maumivu. Mie sikumfahamu. Siku hiyo jirani mmoja akaja kuchungulia, akamtazama anavyopiga, akasema, "Ee, vidole vinakimbia kama panya!" Mashaallah hakusema, na sifa bila Mashaallah huleta jicho la husuda. Nilimngojea aseme, akanywa kahawa yangu, akala halua yangu, akaenda zake hakusema.

Baada ya chakula cha mchana wote walilala. Nikawasha chetezo, nikatia udi na ubani. Nikafukiza gitaa, nikafukiza ngoma. Ikabaki spika ya gitaa, nayo ilikuwa moja tu. Nikaona moshi wa juu juu hauitoshi, lazima uingie ndani. Nikailaza kifudifudi juu ya viti viwili, chetezo nikakiweka chini yake, kama tunavyofukiza nguo za bibi harusi. Nikasoma Kul-audhu zote mbili, sura za kinga, kwa utulivu. Ubani ukarusha cheche. Nilisikia harufu ya karatasi, nikajisemea udi wa siku hizi si udi.

Nilipoiinua, uso wa spika, kumbe wa karatasi, ulikuwa na matundu matatu, kingo zimekunjamana kama mkate wa ufuta uliosahauliwa motoni.

Msichana akaingia. "Bibi! Umefanya nini?"

"Nimekukinga na jicho."

"Umeitoboa!"

"Na jicho limetoboka, inshallah."

Hakucheka. Alikaa chini sakafuni, akalia bila sauti, na kilio hicho ndicho kibaya. Akasema, "Siku kumi, bibi. Baba hataniongezea hata moja." Mimi katika umri wangu wote sijamwomba mtoto msamaha. Siku ile nilimwambia mjukuu wangu, niwie radhi. Kisha nikamwambia, "Washa. Aliyeungua si aliyekufa."

Akawasha, kunirai tu. Akagonga uzi mmoja. Spika ikakwaruza, ikaunguruma, sauti nzito ya mwanamke aliyelia matangani siku tatu kisha akaulizwa marehemu aliumwa nini. Ndugu zake wawili wakaja mbio, macho ya usingizi. Msichana akapangusa pua kwa shela, akagonga tena.

"Bibi," akasema, "mwaka mzima naitafuta sauti hii."

"Mbona hukuniuliza?"

Walirudia nyimbo zote upya. Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, wakamaliza. Albamu ikatoka baada ya Idi, na haikukaa Ibra. Ilifika Nizwa, ikafika Sur, ikafika Maskati, nikaisikia katika magari ya vijana nisiowajua. Mwanangu anaipiga njiani akienda Izki, vioo amefunga. Anasema kwa ajili ya vumbi. Soko la wanawake, siku ya Jumatano, mtu akiuliza, "Ndiye bibi yao yule?" najitia sikusikia, aulize tena kwa sauti.

Kisha akaja bwana wa kampuni ya muziki, Kiswahili chake cha bara, adabu anazo. "Shikamoo, bibi." Nikamwitikia marahaba, nikampa kahawa. Nyuma yake wamebeba spika mpya, kubwa kama friji, na kamera.

"Bibi, tunatengeneza albamu ya pili. Tunaomba uichome hii kama ulivyoichoma ile, na sisi tupige picha."

Nikamwambia, "Nafukiza kukinga, sifukizi kuharibu."

Akacheka, akadhani namfanyia maringo. Akasema spika ni yao, ikiharibika si neno, tena watu watapenda kuona. Hata mjukuu wangu msichana akaniegemea begani: "Bibi yangu, matundu mawili tu. Nami ile ya zamani ninayo, haiendi popote. Hii ni ya picha."

Nikachukua chetezo changu, nikakifuta jivu, nikakipandisha juu ya kabati wanione.

"Nafukiza kukinga, sifukizi kuharibu."