Choo cha Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, baridi ya Songea ikiuma masikio, nilisimama katikati ya watu nikiwa na namba kifuani, nangoja filimbi ya mbio za kilomita ishirini na moja. Sikuwa nimekula tangu jana yake mchana. Maji nayo sikuwa nimeyagusa, hata funda moja. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, fundi cherehani pale sokoni, na nilijiona mjanja kuliko wote waliokuwa uwanjani. Wee! Mjanja gani!

Mwanangu, nimesikia umeambiwa hospitali kwamba una vidonda vya utumbo mpana. Nimesikia pia umejiandikisha kukimbia mwezi ujao, na kwenye fomu, pale wanapouliza habari za afya, umeandika huna tatizo. Mama yako, jirani yetu mwema, ndiye aliyemwaga mtama, usimkasirikie. Ugonjwa huo ninao tangu wewe hujazaliwa, na nimekimbia nao mara nyingi, kwa hiyo sikuketishi hapa ili nikukataze. Nataka nikueleze jinsi aibu ilivyokaribia kuniua.

Nilianza kuumwa nikiwa na miaka ishirini na sita. Tumbo linasokota, unakwenda chooni mara nane, mara kumi kwa siku, ukitazama unakuta damu. Hapa kwetu ukitaja vidonda kila mtu anaelewa vile vya kuambiwa acha pilipili, acha maharage, na kila jirani ana dawa yake ya mizizi. Wangu ulikuwa mwingine. Daktari alinieleza wazi kuwa hauponi moja kwa moja. Unaulaza kwa dawa, na siku nyingine unaamka. Nilimwambia mke wangu Skola peke yake, tena nikamwapisha asimwambie mtu, hata mama yake mzazi.

Huyo mama mkwe wangu alikuwa mjane, analima mahindi Maposeni, njia ya Peramiho. Kila tulipomtembelea alichinja kuku. Ataleta ugali, ataleta majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, atapiga magoti kuninawisha mikono. Nami najua nikila vile, nusu saa haiishi nitahitaji choo. Sasa kwa malezi niliyolelewa mimi, mkwe mwanamume haingii choo cha mama mkwe. Utajificha porini, utarudi mjini umebana mpaka jasho likutoke, lakini kile choo hukikaribii. Basi nikawa nasema nimeshiba. Siku nyingine nasema nimefunga. Kwaresima ikaisha, Pasaka ikapita, mimi bado nimefunga tu! Yule mama hunitazama, husema, "Haya, baba," kisha hufunika vyombo vyake. Tukaenda hivyo miaka sita.

Ndipo zikaja mbio za hisani. Zilikuwa za kuchangia ujenzi wa vyoo vya shule moja ya msingi, maana wasichana wakubwa walikuwa wakikaa nyumbani siku zao zikifika kwa kukosa pa kujisitiri. Mimi nilikuwa nimezoea kukimbia alfajiri kuelekea Matogoro, na nina binti, Anjela. Nikasema hizi hazinipiti. Nikaenda kujiandikisha. Binti wa pale mezani akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kaka, una tatizo lolote la kiafya?" Nyuma yangu foleni ndefu. Nikamwinamia, nikamnong'oneza, "Huwa naendesha."

"Unaendesha?" akasema. "Gari au pikipiki? Hapa ni mbio za miguu, kaka."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Wengine walielewa vizuri sana nilichosema, na hao ndio waliocheka zaidi. Nami nikacheka nao, mwanangu, nikamwambia andika sina tatizo. Sikumlaumu yule binti wala simlaumu leo, maana ningeutaja ugonjwa wangu kwa jina lake asingekosea.

Nikapanga ujanja wangu. Nilijiambia tumbo lisipoingiza kitu halitatoa kitu. Dawa nazo nilikuwa nimeziacha kama miezi miwili, kwa sababu nilijisikia mzima, na mtu mzima ameze vidonge vya nini? Usicheke. Najua nawe umeshayawaza hayo.

Tulitoka mjini vizuri. Kilomita kumi za kwanza nilikuwa mwepesi, nikawapita vijana, nikawatania. Kufika ya kumi na tano ulimi umenikauka mdomoni, kichwa kinagonga. Watu wametupangia maji kando ya barabara, wananinyooshea chupa, nami natikisa kichwa. Tulipoanza kupandisha Maposeni, tumbo likajikunja mpaka nikaona giza.

Na nani amesimama pale barabarani na akina mama wenzake, anapiga vigelegele? Mama mkwe. Ana jagi la maji mkononi. Nyuma ya nyumba yake nakiona choo, kimepauliwa kwa bati, mlango uko wazi. Haki ya Mungu, maishani mwangu sijawahi kuona jengo zuri kama lile.

"Baba Anjela! Njoo unywe maji!" akaita.

Nikamwonyesha meno, nikampungia mkono, nikapita. Nikajikaza kisabuni, najiambia mbele kuna kona, baada ya kona kuna kichaka. Kichaka sikukifikia. Tumbo lilifunguka lenyewe barabarani, nikaanguka kando ya shamba la mahindi makavu. Nilijua nimejichafua, na nilipojigusa niliona damu. Wakimbiaji wawili walisimama kunisaidia, nikawafukuza. "Niacheni, niacheni," ndilo neno pekee nililoweza kusema. Nilitamani ardhi inifukie pale pale nisionekane.

Kumbe yule mama aliniona nilivyoyumba, akanifuata. Nilisikia kandambili zake zikija mbio. Alifungua kitenge chake cha juu, akanifunika kiunoni, akapiga magoti kwenye lile vumbi na kukishika kichwa changu, yeye ambaye kwa miaka sita tulikuwa hatupeani hata mkono.

"Choo changu umekiona?" akaniuliza.

"Nimekiona, Mama."

"Mnakimbia kuwatafutia watoto vyoo. Changu kile pale, kina mlango, kina maji. Wewe umekipita unakwenda wapi?"

Nililia, mwanangu. Mtu mzima na ndevu zangu, nililia kama mtoto kwenye mikono ya mkwe wangu.

Gari la mbio likanipeleka hospitali. Nililazwa siku tano, nikawekewa dripu na damu, na daktari alinigombeza hadharani, hakunionea haya. Alisema mwili wangu ulikuwa umekauka, na ule utumbo niliounyima dawa ulikuwa umeamka wote kwa pamoja. Ningechelewa kidogo tu, Skola angekuwa mjane kama mama yake.

Siku ya pili mama mkwe akaja kuniona. Skola naye kiapo kilimshinda, akamweleza mama yake yote tangu mwanzo, mimi nimegeukia ukutani. Yule mama akasema polepole, "Kumbe ni tumbo."

Nikamwambia, "Ni tumbo, Mama. Nisamehe."

"Mimi miaka yote hii nilijua unaniona mchawi."

Lo! Maneno yale yaliniuma kuliko sindano zote za pale. Akaniambia majirani walikuwa wakimwuliza kwa nini mkwe wake hali kwake. Akaniambia ndiyo maana alikuwa akimega tonge la kwanza, anakula yeye mwenyewe mbele yangu, ili nione chakula hakina kitu. Nikakumbuka. Kila safari alifanya hivyo, kila safari, na mimi nilidhani ni njaa ya mtu aliyeshinda shambani. Kwa kuogopa kutaja choo, nilimfanya mama wa watu ajione mchawi nyumbani kwake.

Alifuta machozi kwa upindo wa kitenge, akasema, "Haya, sasa niambie unakula nini."

Nikamwambia: wali laini, viazi, ndizi za kupika, samaki asiye na viungo vingi. Tulipokwenda tena Maposeni nilivikuta vyote mezani, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni mwa choo. Niliingia. Wazee wawili watatu walinung'unika, akawaambia mwenye choo ni yeye. Mwaka uliofuata nilikimbia tena, na kwenye fomu niliandika ugonjwa wangu kwa jina lote. Nilipofika kwake nikakata kona, nikaingia chooni, nikatoka, nikanawa, nikanywa maji yake, nikaendelea. Akina mama walipocheka aliwageukia: "Huyu anaumwa utumbo na anakimbia. Nyie wazima mmekaa mnatazama." Siku ile nilizimaliza zile mbio kwa miguu yangu.

Alifariki miaka minane baadaye. Miaka minane nilikula chakula chake, na kila nilipokula niliikumbuka ile sita niliyomnyima. Hiyo siwezi kumrudishia.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kesho rudi ukaibadilishe ile fomu, utaje ugonjwa wako kwa jina, na atakayecheka mwache acheke amalize. Dawa usiache kwa kuwa umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa sababu unazimeza. Mwulize daktari wako kabla ya kuanza mazoezi makali. Kula kile tumbo lako linachokijua, kunywa maji, na ile njia ya mbio ipite siku moja kabla uone vyoo viko wapi. Ukiona damu, toka barabarani, keti chini, ita mtu. Medali zipo kila mwaka.

Lakini zaidi ya hayo yote, waambie watu wanaokupenda. Usipowaambia hawatakaa bure; watajitafutia wenyewe sababu ya ukimya wako, na wataanza kwa kujilaumu wao.

Nenda, mwanangu. Mungu akutulizie tumbo, akupe pumzi ya kufika. Na siku utakayoanguka, akuangushe karibu na mtu anayeujua ugonjwa wako.