Stempu Pungufu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa tena, nilikuwa nafuma masweta ya shule nyumbani kwetu Chang'ombe. Mashine yangu ilikuwa ya kusukuma kwa mkono, na vumbi la kwetu liliisumbua sana. Likishaingia, sindano zinapinda au zinakatika. Sindano zenyewe mjini hazikuwepo. Mume wangu, aliyekuwa karani wa mahakama, ndiye aliyeona tangazo gazetini la muuzaji wa sindano hizo aliyeko Dar es Salaam: tuma fedha kwa hawala ya posta, utaletewa mzigo, gharama za kuusafirisha zimo. Tukatuma.

Kifurushi kilipofika tulikwenda posta pamoja. Binti wa dirishani alikipima, akakigeuza, akatutazama kwa huruma kidogo.

"Shikamoo mzee. Stempu zilizobandikwa hazitoshi. Mtalipia zilizopungua, na faini juu yake."

"Marahaba. Aliyebandika ni nani?"

"Aliyetuma."

"Basi mdaini aliyetuma."

"Yeye yuko Dar, mzee. Kifurushi kiko huku."

Mume wangu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisema tu kwamba gharama hiyo tulishailipa, na hailipi mara ya pili. Nikamvuta shati. Fedha nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye pindo la khanga.

"Baba, tulipe tuondoke. Watu wanasubiri masweta."

"Tukilipa, kesho atamfanyia mwingine hivi hivi."

Huyo mwingine alikuwa nyuma yetu. Mama mtu mzima, mwenye ushungi mweupe, ametoka Kondoa kwa basi la alfajiri, kwa kuwa alikuwa akitumia sanduku la posta la shemeji yake wa Ipagala, hapa hapa Dodoma. Naye alikuwa fundi wa kufuma. Kifurushi chake kilikuwa na mwandiko ule ule na upungufu ule ule. Alipoambiwa cha kulipa alifungua pochi, akaifunga.

"Mwanangu, hapa nina nauli ya kurudia tu," akamwambia yule binti.

Mume wangu akatoa fedha mfukoni, akamlipia.

"Mungu akuzidishie," akasema yule mama. "Na cha kwenu?"

"Chetu kibaki."

Tulipokaribia nyumbani nikashindwa kuvumilia.

"Cha mwenzetu umelipa, chetu umekataa."

"Yule asingekuwa na nauli. Sisi tunaweza kusubiri."

"Wewe ndiye unayeweza kusubiri. Mimi wazazi wanakuja Jumatatu kuchukua masweta ya watoto wao."

Asubuhi, alipokwisha kwenda kazini, nilirudi posta peke yangu, nikalipa. Jioni mume wangu alisikia mashine kabla hajaingia ndani. Akasimama mlangoni.

"Umekwenda."

"Nimekwenda."

"Sawa," akasema. Akanawa mikono, akakaa chini, akaanza kunikunjia uzi kama siku zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na ule utulivu wake ukanichosha kuliko ugomvi wenyewe.

Baada ya chakula alimwandikia yule muuzaji. Alinisomea: maneno ya heshima, habari zetu mistari michache, habari za mama wa Kondoa karibu ukurasa mzima. Nikamwambia anapoteza stempu zake. Majibu hayakuja.

Mwaka uliofuata sindano ziliisha tena, na sikuwa na muuzaji mwingine, nikaagiza kwa yule yule. Safari hii kifurushi kilikuja kimejaa stempu hadi jina letu limebanwa pembeni. Ndani hamkuwa na neno lolote, si la radhi wala la salamu. Mume wangu alikishika muda mrefu, akakigeuza huku na huku.

"Sijui yule mama bado anaagiza kwake," akasema.

Nilikuwa nikidhani siku ile alishindana na posta kwa kiburi cha mtu wa mahakamani. Kumbe mwaka mzima alikuwa akimfikiria mtu aliyemwona mara moja tu, ambaye hata jina lake hatukuuliza. Sikumwambia hayo. Baridi ya Juni ilikuwa imeshaingia, na wateja walikuwa wanabisha hodi. Nikachukua kifurushi mikononi mwake, nikaenda kubadilisha sindano.