Jiko la Bi Rozália

Bi Rozália ndiye aliyekuwa akiwasha jiko la kuni la kupasha joto darasa katika shule ya kanisa la Kireformed pale kijijini Kövesfalva, tangu ikiwa darasa moja la wavulana. Wasichana walipopokelewa, wazee wa kanisa waliamuru wakae kama ibadani: wanawake kushoto, wanaume kulia. Jiko lilikuwa kulia. Wasichana wakatetemeka kwa baridi mpaka kalamu zikawadondoka.

Siku ya tatu Bi Rozália hakuwasha.

“Wachanganyeni, nitawasha,” aliwaambia wazee. “La sivyo, wavulana nao wagande!”

Hata saa nne haijafika, wakachanganywa.

Leo shule ina madarasa manane, nao hukaa wapendavyo. Lakini Jumapili kanisani, Bi Rozália hukaa kushoto na wanawake wenzake. Siku moja Mchungaji akamtania: “Na huku je, mama, hutuchanganyi?”

“Huku hakuna jiko, Mchungaji. Tunaganda sawasawa.”