Siku Koko Alipoingia Mtoni

Binti yangu alirudi kutoka shule, hapa kwetu Beechmont, Louisville, akatupa begi kwenye kochi na kuniuliza kwa Kiingereza mtu anaweza kwenda wapi kuwaona samoni wakipanda mto. Mwalimu wao alikuwa amewaonyesha picha. Nilikuwa jikoni nayeyusha sombe ya barafu, kisamvu chetu, na kabla sijafikiri mdomo ulishaanza kujibu.

Si hapa, nikamwambia. Mto Ohio huu usiupotezee muda. Nenda kaskazini, juu ya Buffalo, kwenye vijito vinavyoingia Ziwa Ontario. Nenda kuanzia mwisho wa Septemba hadi Oktoba inapoisha, majani yakiwa mekundu. Nenda asubuhi, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, maana samoni husubiri maji yaongezeke ndipo wapande. Usisimame karibu ukawatia kivuli. Simama darajani, chini ya bwawa, pale ukuta unapowazuia, halafu uwe na subira. Kwanza utaona mawe tu, kisha jiwe moja litapiga mkia.

“Mama, you've been there?” akauliza, macho yamemtoka.

Mara moja, nikasema, nikageukia sufuria. Ukweli ni kwamba kwa karibu miaka ishirini nilikuwa sijaitaja safari ile kwa mtu yeyote, hata kwa mume wangu. Wewe nakusimulia kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu.

Tulifika Buffalo nikiwa na miaka tisa, tukapewa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao pale West Side. Ngazi zake zilipiga kelele kila ukikanyaga, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuiba sukari bila kujulikana. Baba na mama walifanya kazi zamu tofauti. Aliyetulea hasa ni nyanya yangu, mama yake baba, ambaye tulimwita Koko kama Wakongo wengi wanavyomwita bibi au babu. Jumamosi alikaanga ndagala, dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, na jirani wa chini alifungua madirisha yote hata kama theluji inaanguka. Mimi nilisugua masufuria, nilipanga viatu mlangoni, na nilitafsiri. Mtoto mkubwa wa wakimbizi hiyo ndiyo kazi yake. Nilitafsiri barua za shule, nilitafsiri kliniki, nilitafsiri ugomvi wa maegesho ya gari. Koko alijivuna nami kanisani: “Mi niko na midomo mbili. Huu wangu, na ule wa huyu mutoto.”

Kwao Uvira, kando ya ziwa hilo, alikuwa muuza samaki, tena si wa mchezo. Alitusimulia kwamba mvua zikianza, samaki wengine hutoka ziwani wakapanda mito kwenda kutaga, na wanawake wa soko lake walikuwa na mwiko: samaki aliyekamatwa akipanda na mayai hanunuliwi. Mvuvi aliyeziba mlango wa mto kwa nyavu alirudi nyumbani na kapu lake lilivyojaa, na matusi juu. “Ukikula mama mu njia,” Koko alisema, “kesho utakula nani?” Wanawake wale walimwogopa Mungu na njaa, lakini mwiko ule hawakuuvunja.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu alitangaza safari ya kwenda kuwaona samoni, akaomba wazazi wa kutusindikiza. Wazazi wangu walikuwa kazini. Koko akasema ataenda yeye. Nilisali wiki nzima augue kidogo tu, mafua hivi, asiende. Aliamka mzima kuliko sisi sote. Alivaa kitenge chake cha kanisani, sweta mbili, na mabuti ya theluji, na ndani ya basi akagawa mandazi kwa darasa zima. Watoto wengine waliyanusa kwanza. Mimi nilikaa kiti cha mbele kabisa, nikitazama dirishani kana kwamba mandazi yale yametoka mbinguni na simjui aliyeyapika.

Basi, tukafika. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake na kijito kilikuwa na rangi ya chai. Samoni walikuwa wengi, wakubwa, migongo imepauka kwa safari, wakijirusha kwenye ukuta wa bwawa na kuanguka, wakijirusha na kuanguka. Watoto walipiga kelele. Koko hakupiga kelele. Alikuwa anatazama pembeni, kwenye maji ya kifundo cha mguu, ambapo samoni mmoja jike, tumbo limejaa, alikuwa amekwama ubavu kati ya mawe mawili. Shakwe wawili walimsogelea wakimlenga macho.

Koko akavua mabuti, akafunga kitenge magotini, akaingia majini.

Mwalimu akamwita kwa sauti ya juu. Koko hakugeuka. Aliinama, akapitisha mikono chini ya tumbo la yule samaki, akaanza kumsukuma polepole kuelekea maji ya kina, midomo yake ikicheza, akiongea naye. Nyuma yangu mtu akacheka. Msichana niliyekuwa natamani sana awe rafiki yangu akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba bibi yule anaiba samaki akamle. Darasa likaangua kicheko. Afisa aliyekuwa akikagua leseni za wavuvi akateremka ukingoni, akamwuliza Koko anafanya nini. Mwalimu akanitazama mimi.

“Bon, umuambie huyu bwana,” Koko akasema, mikono bado majini. “Hii samaki iko na mayai, ilikwama. Donc, mi naisaidia tu ipande. Kidogo tu imebakia.”

Ningeweza kusema hayo bila shida. Nilishatafsiri mambo magumu zaidi, ya damu na mkojo wa watu wazima. Lakini niliwaza watakavyocheka wakisikia bibi yangu anaongea na samaki na kumpandisha mto. Wizi ulikuwa tayari vinywani mwao, na mimi nilitaka tu jambo liishe. Nikamwambia afisa, kwa Kiingereza changu safi, kwamba anataka kwenda kumpika.

Afisa hakuwa mkali. Alisema sheria hairuhusu kuchukua samaki kwa mikono, nimwambie amwache, na kwamba kwa leo hatamwadhibu. Nikamgeukia Koko: “Anasema uache, maji ni baridi sana.” Huo ukawa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Koko akanitazama kidogo. Kisha akafungua mikono, na samoni akarudi ubavu palepale kati ya mawe. Ilikuwa imebaki kama hatua moja.

“Umemuambia?” akaniuliza alipotoka majini.

“Nimemwambia, Koko.”

“Aksanti, mama.”

Jumapili yake habari ilikuwa imeshafika kanisani kabla yetu. Jirani mmoja, Mkongo mwenzetu, akampa Koko jina la Mama Samoni, akauliza mbele za watu lini atawaalika kwenye mchuzi wa jela. Mwanamke aliyewafukuza wavuvi na makapu yao! Koko alicheka, kaziba mdomo kwa kiganja. Nami nilicheka, ili nisiwe peke yangu nisiyecheka. Jina lile lilimkaa mpaka mwisho wa maisha yake.

Nilijifariji kwa kitu kimoja: hakujua. Ingekuwaje ajue? Aliendelea kunichukua kila mahali, kliniki, ofisini, kwa mwenye nyumba, akiniwekea maneno yake mkononi mwangu mpaka nilipomaliza shule. Niliolewa nikahamia Louisville. Koko akafariki msimu wa baridi, nami nikafika kwa mazishi nikiwa na sentensi moja ya kuomba msamaha ambayo sikuwahi kumpa.

Oktoba hii binti yangu hakuniacha nipumue, kwa hiyo tukapanga kwenda. Njiani tulilala Columbus kwa shangazi yangu, bintiye Koko, ambaye wote tunamwita tantine. Baada ya kula tukaosha vyombo pamoja, na sijui ni kwa sababu mikono yake inafanana na ya mama yake, nikamwambia yote. Tantine akafunga bomba.

“Alinipigia telefone siku ile ile,” akasema.

“Kukuambia nini? Kwani alijua?”

“Njo, alijua! Kule mu masomo ya Kiingereza ya wazee, neno ya kwanza balimufundisha ilikuwa ‘cook’. Alisema, ‘Ule mutoto amesema nilikuwa nakwenda kupika.’”

Nikamwuliza kama alikasirika.

“Alilia kidogo. Kisha akasema, ‘Batoto benzake balikuwa banamuangalia. Muache.’” Tantine akafungua bomba tena. “Bon, donc, ndiyo nikakuacha.”

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimezoea hatia ya kumdanganya mtu asiyejua, na ina starehe yake, maana wewe ndiye mwenye siri. Sasa ilibidi nianze upya. Safari zote zile za kliniki alikuwa ananikabidhi maneno yake akijua vizuri nilivyoyafanyia mara moja, na bado alinikabidhi.

Tulifika bwawani asubuhi. Njia ya kuteremkia siku hizi imewekwa uzio, na mawe yale yamehamishwa au nimeyasahau. Samoni walikuwepo, wachache. Nilimsimulia binti yangu kwa Kiswahili, polepole, bila kujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya chuma cha daraja.

“But what was she saying to it?” akauliza. “To the fish.”

Hata neno moja la kumtafsiria sikulijua. Alizungumza na samaki yule muda mrefu, mimi nikiwa hatua chache tu nyuma yake. Kati ya watu wote waliosimama ukingoni asubuhi ile, ni mimi peke yangu niliyeijua lugha yake, na sikuwa nasikiliza.